Tone la Mvua na Chembe ya Vumbi

Katika filamu ya Pather Panchali kuna bwawa. Ni bwawa la kijijini, la kawaida kabisa, majani ya yungiyungi yametanda juu yake. Kabla mvua kubwa haijaja, kamera ya Subrata Mitra inatua hapo na kuwatazama wadudu wenye miguu mirefu, wale wanaoteleza juu ya maji kama watu walio sakafuni. Sitar ya Ravi Shankar inawafuata. Halafu tone la kwanza linaanguka. Halianguki bwawani, linaangukia upara wa bwana mmoja aliyeketi anavua samaki. Mvua imeanza.

Mara ya kwanza nilipoitazama filamu hii, wadudu wale sikuwaona. Niliitazama kwa kaseti ya kuazima, nakala iliyotolewa kwenye nakala, ndani ya deki iliyotaka kufutwa hedi kwa pamba na spiriti kila baada ya siku mbili. Bwawa lilikuwa doa la kijivu. Mvua ilipoanza kunyesha, chenga nazo zilikuwa zimeshaanza zamani, na sikujua lipi limetoka mawinguni na lipi limetoka kwenye utepe. Maandishi meupe ya tafsiri yalipita juu ya nguo nyeupe, nusu hayasomeki. Hata hivyo niliipenda, kama mtu anavyoupenda wimbo unaopigwa nyumba ya tatu kutoka kwake: maneno hayapati sawasawa, lakini usingizi anaukosa.

Miaka ikapita. Nikaja kuiona tena kwa diski ya Blu-ray, ile iliyotolewa mwaka 2015. Wadudu walikuwepo. Miguu yao niliiona, na viwimbi vinavyotawanyika kila wanapojisukuma niliviona. Mvua ilikuwa mvua.

Baina ya kaseti ile na diski hii pana kazi ya mikono ambayo sisi tunaokaa mbele ya televisheni hatuifikirii. Filamu ya kale ikiwa mbovu tunalaumu deki, tunalaumu televisheni, tunalaumu aliyetuuzia. Ikiwa nzuri tunasifu teknolojia. Fundi hatajwi popote. Nataka nimtaje, na nitakwenda polepole, kwa sababu naye alikwenda polepole.

*

Filamu ya zamani ina nasaba. Kwanza kuna negativu, utepe uleule uliopita ndani ya kamera siku ile ya kupiga picha, ukapokea nuru iliyotoka usoni mwa mwigizaji mwenyewe. Huyo ni mama. Mama hapelekwi jumba la sinema. Angechakaa kwa wiki chache. Kutoka kwake huchapwa nakala ya chembe laini, naye ni binti. Kwa binti hutolewa negativu ya pili, naye ni mjukuu. Kwa mjukuu ndipo huchapwa zile nakala zinazozungushwa kwenye mashine za sinema mji hadi mji. Hivyo ni vitukuu.

Kila uzazi unapunguza kitu. Vivuli vinajaa weusi hadi mtu aliyesimama kwenye pembe ya chumba anamezwa. Weupe unaungua hadi mawingu yanapotea mbinguni. Kitukuu nacho hupita kwenye mashine mara mia, mara mia mbili, kikachanwa, kikaungwa kwa gundi, kikakwaruzwa na mchanga. Kisha, siku kampuni fulani ilipotaka kuuza kaseti au diski za filamu ya kale, mara nyingi haikwenda kumtafuta mama. Ilichukua kitukuu kilichokuwa karibu, ikakitia kwenye mashine ya kunakilisha, ikachapa jalada la kupendeza. Ndiyo maana unaweza kununua diski mpya, kwenye televisheni mpya, ukaona filamu mbovu. Diski ya Blu-ray ina nafasi ya nukta 1,920 kwa 1,080. DVD tulizozizoea zina 720 kwa 576. Lakini chombo kikubwa hakiongezi maji. Ukitaka kujua ubora wa filamu ya kale unayoinunua, uliza imetolewa kwa nani: kwa mama, au kwa kitukuu?

Na mara nyingi mama hayupo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi za sinema zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachowaka kwa hasira na kuendelea kuwaka hata kikitoswa majini. Asetati iliyokuja baadaye ikaitwa filamu salama, kwa kuwa haina moto huo, lakini nayo ina ugonjwa wake: kwenye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa harufu ya siki. Mtu akifungua mkebe wa filamu na kusikia harufu ya achari, anajua amechelewa. Ongeza kampuni zilizofilisika, mikebe iliyotupwa ili kupata nafasi ya rafu, mirathi inayogombaniwa. Filamu ya kale kupatikana nyumbani kwako ikiwa safi si jambo la kawaida. Pana mtu aliyehangaika.

*

Mahangaiko ya filamu hii yalianza tangu kutengenezwa kwake. Satyajit Ray, aliyezaliwa Calcutta mwaka 1921, alikuwa mchoraji wa matangazo katika kampuni ya Kiingereza. Alitaka kuigeuza riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay iwe filamu. Hakuwa amewahi kuongoza filamu. Mpiga picha wake, Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kushika kamera ya sinema. Kwa kuwa siku za kazi walikuwa makazini, walianza kupiga picha Jumapili.

Walianza na mandhari ambayo leo inajulikana dunia nzima: Apu na dada yake Durga wanapita kwenye uwanja wa nyasi ndefu zenye maua meupe, wakielekea kuona gari moshi. Jumapili ya kwanza wakapiga nusu. Jumapili iliyofuata wakarudi, wakakuta ng'ombe wamepita na maua yote yameliwa. Ikabidi wangoje msimu wa mwaka uliofuata ili nyasi zichanue tena. Fedha nazo zilikatika mara kwa mara. Ray aliuza sahani zake za muziki, akaweka rehani bima yake, na vito vya mkewe vikaenda njia hiyohiyo. Mwishowe serikali ya Bengal Magharibi ikaikopesha filamu, na fedha zikaandikwa kwenye fungu la kutengeneza barabara, kwa sababu jina la filamu linataja njia.

Kazi ikamalizika mwaka 1955. Ray alipenda kuhesabu miujiza mitatu ya muda ule wote wa kungoja: sauti ya mtoto aliyemwigiza Apu haikuvunjika, binti aliyemwigiza Durga hakukua akawa mwanamke, na bibi mzee aliyemwigiza shangazi, Chunibala Devi, hakufa. Filamu ikaonyeshwa kwanza New York, kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, Mei 1955. Mwaka 1956 ikapata tuzo Cannes. Ray akaifuatisha na nyingine mbili za maisha ya Apu. Ya pili, Aparajito, ikachukua Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka 1957. Ya tatu, Apur Sansar, ikatoka mwaka 1959. Mtoto aliyekimbilia gari moshi sasa ni baba mwenye mtoto wake.

Mwaka 1992 Marekani ikampa Ray tuzo ya heshima ya Oscar. Alikuwa mgonjwa mahututi. Alizungumza kutoka kitandani hospitalini Calcutta, na hazikupita wiki nne akafariki. Lakini waandaaji wa sherehe ile walikutana na aibu ambayo hadhira haikuiona: walipotafuta vipande vya filamu zake vya kuonyesha, walivyovipata vilikuwa vibovu. Bwana anayeheshimiwa kiasi hiki, na kazi yake haina nakala ya kuonyeshwa mbele ya wageni!

Akademi ya Oscar ikaamua kuziokoa. Negativu zikatolewa India, zikapelekwa kwenye maabara ya Henderson's kusini mwa London ili zitengenezewe nakala za kuhifadhi. Julai 1993, naitreti iliyokuwa ghalani mle ikalipuka. Moto ukapita kwenye mikebe ya filamu za Ray, na kwenye negativu za filamu kongwe za Uingereza zilizokuwa jirani. Kilichopelekwa London ili kiokolewe kikaungulia London.

*

Sasa nakuja kwa fundi wa kwanza ninayetaka kumsifu, naye hakutengeneza kitu. Hakutupa, basi.

Baada ya moto ule, kila kilichobaki kilikusanywa: mikebe iliyopinda, mabunda ya utepe ulioyeyuka pembeni ukagandana kama kaimati zilizosahauliwa mafutani, vipande, hata majivu. Vyote vikasafirishwa hadi ghala la filamu la Akademi, Marekani. Wakati huo hapakuwa na maabara ya kibiashara iliyoweza kuvishughulikia. Vikawekwa rafuni. Vikakaa miaka 20.

Tafakari miaka 20 ya kutunza kitu kilichoungua. Kila mwaka ghala linahitaji nafasi. Kila mkuu mpya anauliza mikebe ile ya nini. Ingekuwa rahisi kabisa kusema, tumejaribu, Mungu hakupenda. Watunzaji hawakusema hivyo. Waliweka majivu wakiamini kwamba fundi wake huenda hajazaliwa, au amezaliwa lakini bado hajajifunza kazi.

Mwaka 2013 mikebe ikafunguliwa. Kampuni ya Criterion ya New York, inayotoa filamu za kale kwa ajili ya watazamaji wa nyumbani, ilitaka kuzitengeneza upya filamu tatu za Apu kwa kushirikiana na Akademi. Mabaki yakapelekwa Bologna, Italia, kwenye karakana ya L'Immagine Ritrovata, mahali ambapo kazi ya kila siku ni kufufua filamu. Mji ule umelichukulia jambo hili kama miji mingine inavyochukulia mpira wa miguu: kila kiangazi watu hujaa uwanja wa Piazza Maggiore usiku, wakatazama filamu zilizorejeshwa.

Utepe wa filamu una tabaka mbili muhimu. Chini ni plastiki. Juu yake umepakwa utando wa gelatini, ileile inayotolewa kwenye mifupa na ngozi za wanyama, na ndani ya gelatini hiyo zimo chembe za fedha ndogo mno. Chembe hizo ndizo picha. Moto ukipita karibu, hata usipougusa utepe, unakausha kila kitu. Plastiki inasinyaa na kujikunja. Gelatini inapasuka. Ukijaribu kuunyoosha utepe wa namna hii kwa nguvu, unavunjika mkononi kama papadi.

Kwa hiyo hawaunyooshi. Wanaurudishia unyevu. Mafundi wa kazi hii hutumia dawa zenye vitu kama gliserini, asetoni na maji, kwa kipimo cha tahadhari, wakianza na kijipande kidogo cha majaribio kabla ya kuthubutu kugusa bunda lenyewe. Kisha wanangoja. Unyevu uingie taratibu, plastiki ikubali kulegea, mzunguko mmoja uachane na mwenzake bila kung'oa picha. Ukiharakisha, unapoteza uso wa mtu.

Utepe ukishakubali kunyooka, kazi inahamia kwenye meza yenye taa chini yake, na hapo ndipo subira inapopimwa. Kila picha moja ya filamu ya milimita 35 ina matundu manne kila upande, manane kwa jumla. Ndiyo yanayoshikwa na meno ya mashine. Pather Panchali ina dakika 125. Kila sekunde ina picha 24. Piga hesabu: picha 180,000, matundu zaidi ya milioni moja na laki nne. Palipoungua pembeni, matundu yameliwa. Fundi anakata kiraka kidogo chenye matundu mazima kutoka kwenye utepe mwingine, anakipachika mahali palipoliwa, anahakikisha tundu limekaa sawa na lenzake la upande wa pili. Anabandua gundi ya zamani. Anaondoa nta. Anaunga upya maungio yaliyoachia. Tundu, halafu tundu, halafu tundu.

Kazi hii ya mikono peke yake ilichukua karibu saa elfu moja. Kwa siku ya kazi ya saa nane, hizo ni siku 125. Siku moja kwa dakika moja ya Pather Panchali.

Kwa nini kuhangaika na matundu, na picha ndiyo inayotakiwa? Kwa sababu skana iliyotumika kuzisoma picha hizi kwa ubora wa 4K huishika kila moja kwa pini ndogo za chuma zinazoingia kwenye matundu. Tundu likiwa limelegea hata unywele mmoja, picha inatikisika, na ukiwa nyumbani utaona ukuta wa nyumba ya kijijini unapumua. Uthabiti wa ukuta ule kwenye televisheni yako umetokana na kiraka ambacho hutakiona kamwe, kwa kuwa kiko nje ya picha.

Pwani tunaye fundi wa namna hii. Jahazi likipandishwa ufukoni, mtu wa kalafati huketi chini yake na nyundo yake, anashindilia pamba yenye mafuta kwenye nyufa za mbao, ufa kwa ufa, kutwa nzima. Jahazi likirudi majini kazi yake yote inazama chini. Hakuna abiria anayemsifu. Akikosea tu, ndipo maji yanapomtangaza.

*

Hatimaye hesabu ikatoka. Katika Pather Panchali, asilimia 40 ya filamu iliweza kutolewa kwenye negativu iliyopitiwa na moto. Katika Aparajito, zaidi ya asilimia 60. Katika Apur Sansar, hata kidogo. Mabunda yake yalikuwa yameharibika kupita msaada.

Palipokosekana mama, walirudi kwenye nasaba. Walitafuta mabinti na wajukuu wenye afya: nakala za chembe laini na negativu za pili zilizokuwa zimehifadhiwa na Akademi yenyewe, na Janus Films, na hifadhi ya filamu ya Chuo Kikuu cha Harvard, na Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Zingatia jambo hili: nakala ambayo mtu wa hifadhi fulani aliiweka kwenye ubaridi mwaka fulani, bila kujua kama itahitajika, ndiyo iliyomwokoa Apu mtu mzima.

Lakini kuunganisha mama na mjukuu katika mandhari moja ni kazi yenye mtego. Mtu anazungumza, picha ya kwanza imetoka kwenye negativu, kali, yenye kina, picha ya jibu imetoka kwenye nakala ya vizazi viwili, laini, yenye vivuli vizito. Ukiziacha hivyo, mtazamaji atashtuka bila kujua ameshtuliwa na nini. Fundi wa mwanga hukaa gizani akasawazisha: huku anainua kivuli kidogo, kule anashusha weupe, mpaka watu wawili wanaozungumza waonekane wameketi kwenye baraza moja, alasiri moja.

Baada ya hapo, karibu miezi sita ya kusafisha kwa kompyuta, huko New York. Na hapa nirudi kwenye bwawa letu.

Programu ya kuondoa uchafu kwenye filamu ina akili ya aina moja. Inalinganisha picha na iliyotangulia na inayofuata. Kitu kikionekana kwenye picha moja tu, kisiwepo kabla wala baada, programu inakiita vumbi na kukifuta. Kwa filamu nyingi ni akili nzuri. Lakini tone la mvua nalo huonekana kwenye picha moja na kutoweka. Mdudu anayeruka ghafla juu ya maji vilevile. Cheche ya moto wa jikoni vilevile. Ukiiachia mashine mandhari ya mvua ya Ray, itakusafishia mvua. Itakuachia watoto wawili waliolowa pasipo sababu.

Kwa hiyo mtu lazima aketi. Aitazame picha moja, kisha nyingine, na kwa kila nukta ajiulize: wewe ni tone, au ni chembe ya vumbi? Wewe ni mguu wa mdudu, au ni mkwaruzo? Hakuna kipimo cha kumsaidia isipokuwa jicho lake, na kuifahamu filamu, na kufahamu mvua.

Kubwa zaidi ni jambo la chembe. Zile chembe za fedha nilizozitaja huonekana kwenye picha kama mchanga mwepesi unaotembeatembea. Wengi tuliozoea picha za simu tunauona mchanga huo kama dosari, na kampuni nyingine zimetusikiliza kupita kiasi. Waliowahi kununua diski ya filamu ya Predator iliyotolewa mwaka 2010 wanajua: chembe zimefutwa kwa nguvu hadi askari wa msituni wana nyuso za nta, hawana jasho wala vinyweleo. Picha imekuwa safi, mtu ameondoka.

Sasa mfikirie Chunibala Devi mbele ya programu hiyo. Mama wa karibu miaka 80, hana meno, mgongo umepinda, mtandio umechanika, uso mzima ni mikunjo juu ya mikunjo. Alisubiriwa miaka yote ile asife kabla kazi haijaisha, naye hakufa. Alifariki kabla filamu haijafika kwa watazamaji. Picha hizi ndizo alizotuachia. Mikunjo ile na chembe zile zimeshikana kwenye utepe mmoja. Ukizifuta chembe umemnyang'anya bibi uzee wake.

Waliotengeneza filamu za Apu walijiwekea sharti: inapobidi kuchagua, bora kuacha jeraha kuliko kuisugua picha hadi ipoteze chembe na hisia ya filamu. Mimi naona huo ndio upeo wa ufundi wao, kupita hata zile saa elfu za matundu. Kuongeza kila mtu anaweza. Mashine inatamani kuongeza. Kusimama mkono ukiwa bado una nguvu na zana bado iko kwenye moto, hilo hujifunza wachache. Seremala anayejua randa anajua pia ni lini ubao umetosha.

*

Filamu zote tatu zikaonyeshwa tena New York, kwenye makumbusho yaleyale, Mei 2015, miaka 60 baada ya onyesho la kwanza. Novemba ya mwaka huo zikatoka kwa diski.

Nisiseme kwamba sasa mambo yamekwisha. Diski zile zimefungwa kwa kanda ya Marekani, na mashine ya Blu-ray iliyotengenezwa kwa soko la Afrika, ambayo iko kanda moja na Ulaya, inazikataa mpaka upate mashine isiyobagua. Bei yake nayo ni ya kitu cha kuhifadhi, si cha kununua pamoja na mkate. Na hizi ni filamu tatu tu. Ray mwenyewe alitengeneza 36, fupi na ndefu, na nyuma yake kuna maelfu ya filamu za watu wengine zinazonuka siki kwenye magodauni. Saa elfu moja za mafundi wa Bologna hazigawanyiki kwa wote. Ukipata moja iliyotengenezwa vizuri, itazame kama unavyokula chakula ambacho umeona kikipikwa.

Nilijaribu kuitazama kijasusi. Niliweka Pather Panchali, nikashika rimoti, nikaazimia kuupata mshono: mahali hasa ambapo negativu iliyoungua inaishia na nakala ya jirani inaanzia. Mara moja mbili nilidhani nimeupata. Picha ililainika kidogo, nikasimamisha, nikarudisha nyuma, nikasogea hadi pua ikakaribia kioo. Sikuwa na hakika. Nikaendelea. Nyasi nyeupe zikapita, na gari moshi. Bibi akajifunika mtandio wake uliochanika. Nikafika bwawani, nikajiambia hapa nitazame sana, maana hapa ndipo penye nukta nyingi.

Wadudu wakateleza. Bwana mwenye upara akaangalia juu. Mvua ikaja, Durga akatoka uwanjani akizungusha nywele zake ndefu zilizolowa, mdogo wake anatetemeka chini ya mti, na mimi ninayejua homa inayomngoja binti yule nilikuwa nimeshaanza kumwambia moyoni aingie ndani. Nilipokumbuka mshono, filamu ilikuwa inakaribia mwisho, na rimoti ilikuwa imeanguka chini ya kiti.